Siku Chozi Aliposhindwa Kulia

Kuna watu wanaojulikana kwa kuimba, wengine kwa kupiga mpira, na wengine kwa kuharibu ofisi walizokabidhiwa. Chozi alijulikana kwa kulia. Alianza akiwa mtoto wa darasa la pili, na mpaka leo, ndevu zimemjaa na upara umeanza kuchungulia utosini, akienda benki yule dada wa dirishani humwinamia na kumbembeleza: "Hebu toa kidogo tu, kaka, mwenzangu hapa haamini kama ni wewe." Mtu ameleta hundi, anadaiwa machozi.

Kipaji chake kiligunduliwa kwa njia ya kitaalamu kabisa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Siku moja alikuja mtayarishaji wa tamthilia kuchukua nguo za waigizaji, akasikia kilio kikali nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa amevunja sindano ya cherehani na malipo yake alikuwa amekwisha kuyapata makalioni. Mtayarishaji akasimama kama mtu aliyesikia wito. "Huyo huyo!" akasema. "Ana hisia." Ndivyo nyota wanavyozaliwa.

Tamthilia yenyewe haikumchosha mtu akili. Baba amefiwa na mkewe, amebaki na mtoto mmoja, wakafukuzwa nyumbani na ndugu mwenye roho mbaya. Wakahamia kwingine, wakafukuzwa. Wakahamia tena, wakafukuzwa tena. Ilikwenda hivyo kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba nchi nzima haikuwa na mwenye nyumba hata mmoja mwenye utu. Aliyeigiza baba alikuwa kijana mrefu mwenye sauti nzito na unga mweupe kichwani wa kumzeesha, watu wakambatiza Mzee Simanzi. Kazi yake ilikuwa kutazama mbali. Kazi ya mtoto ilikuwa kulia. Wakagawana hivyo, na hakuna aliyevuka mpaka wa mwenzake.

Baba yake wa kweli alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, ambaye ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi. Ndiye aliyempeleka mtoto studio kwa pikipiki, akakaa pembeni na mkoba wake wa vifaa magotini mpaka kazi iishe, akamrudisha. Lakini Jumapili, mtaa mzima ukiwa umejazana sebuleni kwao kumtazama mwana wa kwao, muziki wa kuanzia ukipigwa tu, mzee alinyanyuka, akachukua spana, akatoka nje kukaza bomba la uani. Bomba lile halikuwa na tatizo lolote. Lilikazwa miaka yote ile mpaka mama akawa halifungui bila kuomba msaada.

Mtoto aliliona hilo, akalielewa kwa akili yake ya kitoto: baba anaidharau kazi hii. Na hakumlaumu. Mwanamume kutwa anaziba mivujo ya watu, kisha mwanawe analipwa kuvuja!

Umaarufu ulimkaa kama koti la kaka mkubwa. Sokoni wanawake walimkumbatia na kumpa ndizi. Mwalimu wa hesabu alishindwa kumwadhibu, maana akimtazama tu anamkumbuka akiwa amekaa kizingitini mwa nyumba ya watu, mdomo wa chini ukimtetemeka, chozi moja likishuka taratibu. Picha ile ya kizingitini iliwekwa hadi kwenye kalenda. Hata jina lake la kuzaliwa lilijifia kimyakimya. Aliyebaki akilitumia ni mama yake, tena akiwa amekasirika.

Kisha, mchana mmoja, mbele ya kamera, alifungua kinywa aseme, "Baba, usiniache," ikatoka sauti ya dereva wa lori. Mshika taa aliangusha taa. Wakarudia, ikatoka ya dereva yuleyule, safari hii ana mafua. Waandishi wa tamthilia, watu wenye huruma sana, wakampeleka masomoni ng'ambo kwa sentensi moja ya simu: "Mwanangu ameshapanda ndege." Mpaka leo hajarudi. Mzee Simanzi alitazama mbali kwa huzuni kubwa, na Jumapili iliyofuata akaokota mtoto mwingine, wa kike.

Baada ya shule, Chozi alirudi studio kuomba kazi, akiamini kwamba watu waliomlilia miaka yote ile wangemkumbuka. Walimkumbuka, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Walimpa nafasi ya mlinzi, anafungua geti na kusema, "Karibu, bosi." Mwongozaji akatazama picha, akatikisa kichwa. "Unafungua geti kama yatima," akasema. "Watu wataacha kumtazama bosi, waanze kukuchangia."

Akatoka pale ameinamisha kichwa, akashika njia ya ukumbini, na kwa kuwa hakuwa anatazama mbele, akamgonga mwanamke mnene aliyebeba kanda mpaka kidevuni. Mwanamke yule aliitwa Mama Mkasi. Ndiye aliyekuwa mhariri wa tamthilia tangu mwanzo. Kila kilichopigwa na kamera kilipita mikononi mwake, akakata, akaunganisha, kikawa hadithi. Chozi alikuwa akimwona zamani akipita na miwani yake ya kamba, akidhani ni mtu wa usafi.

"Okota," Mama Mkasi akamwambia. "Ukimaliza, nifuate."

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni iliyozunguka huku ikilalamika, mashine mbili, kiti kimoja kizuri cha kwake na kimoja kibovu cha wageni, kusudi wasizoee.

"Umekataliwa?" akamuuliza.

"Wanasema nafungua geti kama yatima."

"Ni kweli. Unataka kuona jinsi ulivyokuwa hodari ukiwa mdogo?"

Chozi alijipanga vizuri kwenye kiti kibovu. Nani asiyetaka? Mama Mkasi akatia kanda: kile kilio cha kizingitini, lakini kikiwa kizima, kama kamera ilivyokiona, kabla hakijaguswa. Mtoto amekaa kizingitini, anajikuna goti. Anamuuliza mtu asiyeonekana kama biskuti zimebaki. Anakuja mtu na kipande cha kitunguu, anampaka chini ya macho, anaondoka. Mtoto anapiga mwayo. Chozi linashuka. Mdomo wa chini unaanza kutetemeka, ule mtetemeko wa kwenye kalenda, na Chozi mkubwa akahisi fahari ikimpanda kooni. Ndipo mtoto kwenye skrini akapiga chafya ya nguvu iliyomwangusha kizingitini.

Feni ikaendelea kulalamika.

"Chafya?" Chozi akauliza.

"Chafya."

"Nchi nzima ililia, mama."

"Nchi nzima iliililia chafya. Nilikata hapa," akaonyesha kwa kalamu, "kabla haijatoka. Nikaunganisha na Mzee Simanzi anatazama mbali. Na yeye alikuwa anatazama kama gari la chakula limefika."

Mwingine angeondoka na moyo uliovunjika. Chozi alikaa pale akitazama ile alama ya kalamu kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu ile sauti ya dereva wa lori imtoke alihisi kuna kitu duniani anakitaka. Si kulia. Anataka kuwa yule anayeamua chafya isitoke.

Basi akawa mhariri. Mama Mkasi alimfundisha kwa njia yake, yaani kwa matusi, na alipostaafu alimwachia feni. Kanda zikaondoka, zikaja kompyuta, lakini kazi ilibaki ileile: mwongozaji anakuletea gunia la picha mbovu, unamtolea filamu, kisha anasimama jukwaani kuwaeleza watu jinsi alivyoiona kichwani tangu mwanzo. Chozi aliwafanya wasiojua kutembea waonekane wana madaha. Alimfanya mwimbaji mmoja aliyesahau maneno yote aonekane mwenye mawazo mazito. Jina lake hutokea mwishoni, likipanda mbio, wakati watu wanatafuta viatu vyao.

Alikuwa katikati ya kazi ya namna hiyo mama yake alipompigia simu. Baba yake alikuwa amekaa kitandani asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Amevaa kiatu kimoja. Akainama kuchukua cha pili, hakuinuka tena.

Chozi alikwenda. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa pekee, na kwa kuwa msiba hauna mtayarishaji, alijikuta yeye ndiye wa viti, wa turubai, wa maji ya kunywa, wa kuwaelekeza wageni mahali pa kuegesha magari. Mazishini alimshikia mama yake mwavuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mama hakutaka kukaa. Alifanya yote hayo macho makavu. Si kwamba hakuwa na uchungu. Uchungu ulikuwepo, umemkaa kifuani kama kabati. Machozi ndiyo hayakuja.

Watu sasa walikuwa wamekuja kwa mambo mawili, kumzika fundi bomba na kumwona Chozi akilia. Hilo la pili hakuna aliyelisema, lakini walijipanga upande wenye kuona vizuri. Walisubiri. Jeneza likashushwa, wakageuza shingo. Hamna. Udongo ukatupwa, wakageuza tena. Hamna. Minong'ono ikaanza kutambaa kama sisimizi.

Shangazi, dada wa marehemu, mwanamke ambaye aliamini familia ni jambo la kuonekana, akamsogelea na kumfinya mkono.

"Unatuaibisha," akamnong'oneza. "Baba wa bandia ulimlilia mpaka kwenye kalenda. Huyu wa kweli hata tone?"

"Hayaji, shangazi."

"Jikaze yaje! Watu wanatazama."

Hapo ndipo Mzee Simanzi alipofika. Sasa alikuwa mzee kweli na unga haukuhitajika tena. Alishuka kwenye gari la kukodi amevaa koti jeusi refu, akasimama kidogo ili atambulike, akatambulika. Akatembea hadi kaburini taratibu. Alikuwa amewahi kusalimiana na marehemu pale studio kama mara mbili hivi, akimwita "fundi". Akapiga magoti, akainua mikono, akaangua kilio.

Jamani, alilia! Sauti ile nzito ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. "Rafiki yangu! Umeniachia nani?" Wanawake walimfuata, wanaume wakatoa vitambaa. Ndani ya muda mfupi Mzee Simanzi alikuwa ameshikiliwa kwapani na watu wawili huku wengine wakimpepea, na kikongwe mmoja wa mtaani, ambaye macho yalikuwa yamemchakaa, akamshika mkono na kumpa pole kwa msiba wake mzito. "Lakini jipe moyo," akamwambia, akimwonyesha Chozi, "angalau mwanao amerudi kutoka ng'ambo."

Chozi alimletea mfiwa maji ya kunywa.

Shida haikuishia kaburini. Mtoto wa shangazi, mpiga picha za harusi, alikuwa amerekodi kila kitu, na wiki iliyofuata shangazi alifika chumba cha kuhariria, akakalia kiti kibovu bila kuogopa.

"Nataka video ya msiba wa kaka yangu," akasema. "Ndugu walioshindwa kuja wanaingoja. Hii si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, shangazi. Nitaifanya."

"Na Mzee Simanzi aonekane vizuri. Na mimi pale nilipozimia."

"Ulizimia?"

"Nilikaribia. Wewe utaongeza. Halafu kuna hili suala lako." Akakohoa. "Wewe yale machozi yako ya zamani si unayo?"

Chozi alidhani hakusikia vizuri. "Yapi?"

"Ya runingani. Chomeka kidogo pale jeneza linaposhuka. Nani atajua?"

"Shangazi, nilikuwa na miaka minane. Nimevaa kaptula."

Shangazi alifikiri. "Punguza mwanga," akasema.

Chozi akaanza kazi. Ni ajabu kidogo kumhariri baba yako, lakini mikono ina tabia yake. Ikishika kazi inaenda. Alipofika kwa Mzee Simanzi alisimama. Kamera ilikuwa imembana vizuri, na katikati ya kilio, kati ya "rafiki yangu" na "umeniachia nani", Mzee Simanzi aligeuza jicho moja, akaitazama kamera, akamuuliza mpiga picha kwa midomo tu: "Umenipata?" Kisha akaendelea kulia pale alipoachia.

Kipande kile kilikuwa kitamu. Mhariri yeyote mwenye damu mwilini angekiacha, na familia tatu zingecheka mpaka mwaka unaofuata. Chozi alikicheza mara kadhaa kwa faida yake mwenyewe. Kisha akakikata. Alijiambia ni heshima ya kazi, na pengine ilikuwa kweli.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyeshwa. Alitazama mikono ikiwa imekunjwa, mpaka mwisho.

"Nimeona turubai," akasema. "Nimeona viti, ulivipanga vizuri. Nimemwona shangazi yako kutoka pande zote. Baba yako yuko wapi?"

Chozi akairudisha video mwanzo. Kweli. Marehemu mwenyewe hakuwemo. Kulikuwa na sanduku, na picha moja ya kitambulisho iliyokuzwa, ambamo mzee alionekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Fundi bomba alikuwa akizikwepa kamera maisha yake yote. Harusini kwake mwenyewe alisimama nyuma ya mtu mnene.

Akaenda kwa Mama Mkasi. Siku hizi mama huyo alikuwa akiishi na dada yake kwenye nyumba yenye maua mengi ambayo aliyachukia, na chumba chake cha kulala kilikuwa kimejaa maboksi. Studio ilipotaka kuzitupa kanda za zamani, mabaki ambayo hayakuwahi kuonyeshwa, alizibeba zote.

"Pole na msiba," akasema. "Nilikuwa naumwa miguu, sikuja. Niliambiwa Simanzi alikuja."

"Alikuja."

"Akalia?"

"Mpaka watu wakampa pole."

Mama Mkasi akaguna. Chozi akamweleza shida yake: anatafuta picha yoyote ya baba yake, hata mgongo, hata kivuli. Yule mama akavua miwani, akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Baba yako? Yule mtu alinitesa! Nusu ya maboksi haya ni yeye."

Akatia kanda. Mtoto amekaa barabarani, amefukuzwa, analia. Kitunguu kilikuwa kimekolea siku ile. Anatokea mtu upande wa kulia, anaingia kwenye picha na mkoba wa vifaa begani, anachuchumaa, anamfuta mtoto kamasi kwa kiganja. "Basi, basi," anasema. "Inatosha." Sauti ya mwongozaji inapasuka: "Kata! Nani amemruhusu fundi?" Kanda nyingine: mtoto yuko mlangoni, mvua ya mpira wa maji inamnyeshea, anatetemeka kwa mapenzi ya sanaa. Fundi bomba anaingia na koti lake, anamfunika mtoto kichwa, kisha anafuata ule mpira wa maji mpaka bombani na kulifunga. "Kata!" Kanda nyingine: Mzee Simanzi anatazama mbali kwa majonzi, na nyuma yake unaonekana mkono unampa mtoto biskuti. "Kata! Fundi, tunakuomba!" Kanda baada ya kanda, mambo ambayo Chozi alikuwa ameyasahau kabisa, akibaki na kumbukumbu ya spana tu. Alikemewa, akakaa. Akatolewa nje, akarudi. Siku moja walimkabidhi kwa mlinzi. Kanda inamwonyesha akiingia na mlinzi, wote wawili wakiwa na wasiwasi.

Chozi alianza kucheka. Alicheka akiwa ameshika boksi, alicheka mpaka dada wa Mama Mkasi akaja kuchungulia kuna nini. Kama kicheko kile kiligeuka kitu kingine mwishoni, Mama Mkasi hakusema, na yeye ni mtu aliyekata mengi kuliko aliyoyaonyesha. Alichofanya ni kumsogezea kitambaa cha kufutia mashine.

Jioni ile Chozi alimkuta mama yake amekaa kwenye cherehani.

"Mama, baba alikuwa anatoka nje kila Jumapili. Muziki ukianza tu."

"Alikuwa hawezi kukuona ukilia," mama akasema bila kuacha kushona. "Nilimwambia ni kitunguu. Kitunguu chenyewe mara nyingine kilitoka jikoni kwangu! Akasema anajua. Halafu akachukua spana yake akatoka."

"Kwa nini hakuniambia?"

Mama akainua mguu kutoka kwenye cherehani. "Baba yako? Aseme?" Akaendelea kushona.

Video ilionyeshwa sebuleni, ndugu wamejaa, wengine dirishani. Chozi aliianza na baba yake akiingia kwenye picha, akiharibu kazi za watu, mara nyingi mfululizo, na sebule ambayo ilikuwa imekuja na vitambaa vya kulilia ikaangua kicheko. Walimtambua: mkoba ule, mwendo ule, nyusi zile. Mama alimtazama mumewe akifunga bomba la mvua, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye." Kisha yakafuata mazishi, mafupi, Mzee Simanzi akilia bila dosari, bila jicho.

Shangazi hakuridhika. Alisema kuzimia kwake hakukuonekana vizuri na kwamba watu hawachekeshwi msibani. Aliomba nakala za kutosha kwa ajili ya ndugu, na nakala moja ya ziada yenye sehemu yake peke yake.

Mzee Simanzi naye alipiga simu. Alikuwa amesikia sifa.

"Mwanangu," akasema, maana hakuacha kamwe kumwita hivyo, "nitolee kile kipande changu. Kuna watu wanatafuta mzee wa kwenye filamu ya msiba. Nataka waone ninavyofanya kazi."

Chozi alimtumia. Mtayarishaji alikitazama, akavutiwa mno, akampa nafasi. Filamu ilipomaliza kupigwa ililetwa kwa Chozi kuhaririwa, na hapo ndipo alipogundua wamempa nafasi gani. Mzee Simanzi anaigiza maiti. Amelala ndani ya jeneza tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mwombolezaji akimkaribia, kifua chake kinapanda na kushuka. Mwongozaji, aliyekuwa amekalia kiti kibovu, aliyakuta macho ya Chozi kwenye kioo cha kompyuta.

"Nilimwambia apumue kidogokidogo," akajitetea. "Anasema yeye anapumua kwa hisia."